Safari ya Ndege Yahitaji Kiswahili Chake

Mtu akimwuliza mwanafunzi wa shule ya upili hapa Mtito Andei kuna umbali gani kati ya Nairobi na Mombasa, aghalabu hatajibiwa kwa kilomita. Ataambiwa kwamba ni mwendo wa saa nane au tisa kwa basi, saa tano au sita kwa garimoshi la Madaraka, na "kitu kama saa moja hivi" kwa ndege. Walimu wengi hulisahihisha jibu hilo kwa kalamu nyekundu, wakisema kwamba mwanafunzi ameulizwa umbali naye ametoa muda. Mimi naona mwanafunzi huyo hakukosea hata kidogo. Amejibu jinsi wasemaji wa Kiswahili walivyokuwa wakijibu tangu zama za misafara. Kosa liko kwetu sisi walimu, kwani hatujamfundisha ni wapi jibu la namna hiyo linamfaa, na ni wapi linaweza kumponza.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno manne yanayogombania kazi hii. Kuna umbali, lililotokana na mbali, ambalo husema tu kwamba pahali pawili pametengana. Kuna masafa, tulilolipata kutoka Kiarabu, na ambalo siku hizi limeachiwa wanariadha wa mbio ndefu na mafundi wa redio. Kuna muda, ambalo halina habari na nchi wala barabara. Na kuna mwendo, neno ninalolipenda kuliko hayo mengine, kwa kuwa limezaliwa na kitenzi kwenda na hivyo limebeba mambo mawili kwa pamoja: kule uendako na namna uendavyo. Aliyesema "mwendo wa siku tatu" alikuwa ametaja umbali, ametaja muda, na amedokeza kwamba mwendaji anatembea kwa miguu. Msikilizaji hakuwa na haja ya kuuliza zaidi, maana watu wote walikwenda kwa kasi moja, yaani kasi ya mpagazi mwenye mzigo kichwani.

Hivyo ndivyo nyika hii ilivyopimwa. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipoondoka Rabai mwezi Novemba 1849 kuelekea Kitui kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, safari ilimla zaidi ya wiki tatu. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya. Katika safari kama hiyo maili hazikuwa na maana kubwa. Kilichopima njia ni maji: msafara ulilala palipokuwa na maji, na pasipokuwa na maji ulilazimika kupita hata kama miguu imevimba. Baadaye reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ilileta hesabu ya maili, nayo barabara ikaifuata. Hata leo, ijapokuwa tumekwisha kuingia katika kilomita, Maili Nne ya Eldoret na Maili Moja ya Kibaha, Tanzania, zingali zinaitwa hivyo hivyo na hapana anayefikiria kuzibadilisha.

Ndege ilipokuja, Kiswahili hakikubabaika katika msamiati. Kilikwenda baharini kikachukua kilichokuwa tayari. Rubani alikuwa mwelekezi wa vyombo vya baharini kabla hajawa mwendeshaji wa chombo cha angani. Abiria alikuwa mtu aliyeabiri chombo, na nauli ilikuwa malipo ya jahazi. Ni urithi mzuri, na sidhani kwamba lugha nyingine nyingi ziliupokea usafiri mpya kwa wepesi wa namna hiyo. Lakini tulirithi majina tukasahau hesabu. Baharia wa Lamu au Mombasa alijua kwamba chombo kinachokwenda Uarabuni husubiri kusi, na kinachorudi husubiri kaskazi, kwa hiyo umbali wa kwenda haukuwa sawa na umbali wa kurudi. Abiria wa ndege hajui hivyo, na hapana anayemweleza.

Nimechagua kuandika juu ya Mtito Andei kwa sababu ambayo wanafunzi wa hapa wanaweza kuihakikisha wenyewe kwa penseli na karatasi. Kila msafiri wa barabara kuu ajua kwamba Mtito Andei ni nusu ya njia. Basi husimama, watu hunyoosha miguu, hunywa chai, hununua matunda, na anayepiga simu nyumbani husema "tumefika Mtito" naye wa upande wa pili huelewa kwamba bado nusu. Jina lenyewe, wanavyoeleza Wakamba, latokana na mutitu wa ndei, yaani msitu wa tumbusi, ndege wakubwa wanaozunguka juu wakitafuta mizoga. Je, kwa hawa ndege wengine wa chuma, Mtito Andei ni nusu ya njia pia?

Hesabu si ngumu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu na digrii 1.32 kusini mwa Ikweta na digrii 36.93 mashariki. Uwanja wa Moi, Mombasa, uko karibu na digrii 4.03 kusini na 39.59 mashariki. Tofauti ya kwanza ni digrii 2.71 na ya pili ni digrii 2.66. Hapa kwetu karibu na Ikweta, digrii moja, iwe ya kwenda kusini au ya kwenda mashariki, ni takriban kilomita 111. Basi tuna pembetatu yenye pembemraba, ambayo upande wake mmoja ni kilomita 301 na wa pili kilomita 295. Mwanafunzi anayeijua kanuni ya Pythagoras atapata upande wa tatu kuwa kilomita 420 na kidogo. Huo ndio umbali wa anga kati ya viwanja hivyo viwili, ilhali barabara hula takriban kilomita 480. Sasa atafute katikati ya mstari huo: ni digrii 2.68 kusini na digrii 38.26 mashariki. Afungue ramani aangalie Mtito Andei iko wapi. Iko digrii 2.69 kusini na 38.17 mashariki, yaani kama kilomita 10 tu kutoka katikati halisi ya mstari ulionyoka. Madereva wa mabasi na wapima ardhi wameafikiana pasipo kujuana.

Naomba walimu wa hisabati waliobahatika kufundisha katika eneo hili wasiuache mfano huo upite bure. Vitabu vyetu vimejaa matatizo ya gari moshi litokalo mji A kuelekea mji B, na hapa mtoto anao mji A, mji B na katikati yake, na ya katikati ndiyo kwao. Jambo moja tu wamtahadharishe nalo. Hesabu hiyo ya pembetatu ni ya huku kwetu. Kule London, kwenye digrii 51.5 kaskazini, digrii moja ya kwenda mashariki haifikii hata kilomita 70, kwa kuwa mistari ya longitudo hukaribiana kadiri mtu anavyokwenda kwenye ncha ya dunia. Ndiyo maana ramani bapa iliyobandikwa ukutani hudanganya, na njia ya ndege ya masafa marefu huonekana imepinda ilhali ndiyo iliyonyoka.

Turudi kwenye muda. Ndege kubwa ya kisasa ikiwa imetulia angani huenda kwa kasi ya kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Mwanafunzi mwerevu atagawanya 420 kwa 850 na kupata nusu saa. Kisha atatazama ratiba ya safari za Nairobi na Mombasa, aone zimeandikwa saa moja hivi, ashangae nusu saa nyingine imekwenda wapi. Imeliwa na mambo ambayo kanuni ya kasi haiyajui: ndege kukokotwa kutoka kituoni, kusubiri zamu ya njia ya kurukia, kupanda, kushuka, kuzunguka kuifuata njia ya kutulia, na kutambaa tena mpaka mlangoni. Gharama hiyo ya muda karibu ni ile ile, iwe ndege inakwenda Mombasa au Marekani. Katika safari fupi huwa nusu ya safari nzima, na katika safari ndefu haionekani. Ndiyo sababu sipendi ile tabia ya kuchukua umbali, kuugawanya kwa kasi moja, na kutoa jibu kana kwamba limeteremshwa.

Kwa safari ndefu kuna adui mwingine, naye ni upepo. Tarehe 28 Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Umbali wake ni takriban kilomita 11,840. Katika ratiba iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka huo, ndege ilipangiwa kuondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kufika New York saa 12:25 asubuhi ya pili yake. Kwa kurudi, ingeondoka huko saa 6:25 mchana na kutua Nairobi saa 4:55 asubuhi siku ya pili. Nimeziandika saa hizo Kiswahili makusudi, na msomaji aliyezoea kuziona Kiingereza azisome tena polepole.

Kwa kutazama saa za ukutani, kwenda ni saa 7 tu, na kurudi ni saa 22 na nusu. Mtu asiyefahamu atadhani kwamba ndege ya kurudi ni mbovu. Ukweli ni kwamba wakati wa baridi saa za New York huwa nyuma ya zetu kwa saa 8. Ongeza 8 kwenye 7 upate 15, na toa 8 kwenye 22 na nusu upate 14 na nusu. Tofauti iliyobaki, ile nusu saa, ni kazi ya upepo, kwa kuwa katika anga za juu za kaskazini pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani hukumbana nazo na anayerudi husukumwa nazo. Kusi na kaskazi za wahenga zimetungoja huko juu.

Kuna jambo tamu zaidi ambalo nimelijaribu na wanafunzi wangu wa isimu, ambao wengi wao walikimbilia lugha wakiikimbia hisabati. Ukijumlisha 7 na 22 na nusu unapata 29 na nusu. Ukijumlisha 15 na 14 na nusu unapata jibu lile lile. Tofauti ya saa za nchi mbili hujifuta yenyewe pindi msafiri anaporudi nyumbani. Kwa hiyo mwenye ratiba ya kwenda na ya kurudi, hata kama hajui chochote juu ya majira ya nchi za mbali, aweza kugawanya jumla kwa mbili na kukaribia sana muda halisi wa kila safari. Mwenda tezi na omo, wahenga walisema, marejeo ni ngamani.

Hadi hapa msomaji huenda akaona kwamba ninacheza na tarakimu. Sichezi. Mwezi Machi 2025 binti mmoja wa hapa Mtito Andei, ambaye alikuwa amepata kazi za nyumbani mjini Riyadh, aliikosa ndege yake kwa takriban siku nzima. Fedha za matayarisho zilikuwa zimetoka kwa mamake, kwa chama cha akina mama, na kwa mbuzi waliouzwa. Mjomba wake alinijia na tiketi mkononi, akaketi, akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha. Hebu niambie huyu mtoto amekosea wapi."

Tiketi iliandikwa kwa Kiingereza, tarehe 14 Machi, 01:40. Wakala alikuwa amempigia binti simu akamwambia kwa Kiswahili safi: "Unasafiri tarehe kumi na nne, saa saba na dakika arubaini usiku." Hapana neno moja la uongo katika sentensi hiyo. Wala hakuna kosa la kutafsiri, kwa kuwa 01:40 ndiyo saa saba na dakika arubaini usiku. Binti alifanya kama wewe nami tungalifanya. Tarehe 14, ambayo ilikuwa Ijumaa, aliamka kwa utulivu, akaagana na watu, akapanda basi la alasiri, akafika uwanjani saa tatu usiku ili angoje saa saba. Ndege yake ilikuwa imeruka usiku uliotangulia, yeye akiwa bado kitandani nyumbani kwao.

Nilimjibu mjomba kwamba mtoto hakukosea. Waliokosana ni hesabu mbili za siku. Kwa saa za kizungu siku huzaliwa saa sita ya usiku, gizani, watu wamelala. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, hasa huku bara, siku huzaliwa kunapopambazuka na haifi mpaka mtu alale na kuamka. Anayekesha matangani Alhamisi hadi saa nane za usiku atasema alikesha usiku wa Alhamisi, ingawa kwa kalenda saa nane hiyo tayari ni ya Ijumaa. Kwa hiyo "tarehe 14 usiku saa saba" kwa masikio ya Mkenya wa kawaida ni usiku unaofuata mchana wa tarehe 14. Tiketi ilimaanisha usiku unaoutangulia.

Cha kustaajabisha ni kwamba Mswahili wa kale wa pwani asingaliikosa ndege hiyo. Kwake yeye siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku huja kwanza na mchana huufuata. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule ambao wa bara wanauita Alhamisi usiku, na saa saba ya usiku huo ingemkuta uwanjani, begi mkononi. Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Mzee huyo huyo akipewa tiketi ya saa tano na dakika ishirini na tano usiku, kama ile ya New York, atafika siku moja kabla na kulala kwenye viti vya uwanja, maana saa tano hiyo bado iko kabla ya saa sita, na kwa kizungu ni ya siku iliyopita. Kila hesabu ina saa zake za kuponza.

Lakini lugha yetu inayo dawa, na iko midomoni mwa watu kila asubuhi. Watangazaji wa habari husema kwamba ajali ilitokea "usiku wa kuamkia leo". Kifungu hicho ni kazi ya akili kubwa sana, na sijakiona kikisifiwa ipasavyo katika vitabu vya sarufi. Hakisemi usiku ni wa siku gani. Kinasema utaamka wapi baada ya usiku huo. Hapo wa pwani na wa bara, Mwislamu na Mkristo, mwenye saa ya mkononi na asiye nayo, wote wanaelewana. Wakala angesema "usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe kumi na nne", binti angekuwa uwanjani kwa wakati. Maneno mawili ya ziada yangeokoa mbuzi wale.

Tena tutazame safari nzima ya binti huyo, kwa maana hapa ndipo mwendo, muda na umbali huachana kabisa. Kutoka Mtito Andei hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni zaidi ya kilomita 200, na basi huchukua saa nne hivi kama malori ya Mombasa yamekuwa na huruma. Kutoka uwanjani hapo hadi Riyadh ni takriban kilomita 3,100, na ndege huchukua kama saa nne na nusu. Kati ya safari hizo mbili kuna saa tatu za kungoja, kupima mizigo, kuonyesha pasi na kungoja tena. Saa nne kwa kilomita 200, saa tatu kwa kilomita sifuri, saa nne na nusu kwa kilomita 3,100. Yeyote atakayemwambia msichana wa Mtito Andei kwamba Riyadh ni "saa nne na nusu tu" amempa hesabu ya rubani, ambayo si ya abiria. Ili aiwahi ndege ya saa saba na dakika arubaini usiku, ilimpasa kuondoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja jioni, tarehe 13, ambayo haikuandikwa popote katika tiketi yake.

Na kwa kuwa Riyadh iko upande wa kaskazini yetu zaidi kuliko mashariki, saa zake ni sawa na za Nairobi. Dubai na Muscat, ambako vijana wetu wengi pia huenda, ziko mbele kwa saa moja. Jambo hili wanafunzi wetu hufundishwa: kwamba dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na kwamba anayekwenda mashariki husogeza saa mbele. Hufundishwa kwa Kiingereza, katika somo la jiografia. Katika kipindi cha Kiswahili hufundishwa kwamba saa moja asubuhi ni mwanzo wa hesabu ya mchana, na kwamba usiku wa manane una jina linalotukumbusha saa nane. Masomo haya mawili hayakutani hata siku moja. Mtoto hutoka darasani na saa mbili kichwani, moja ya mtihani na moja ya maisha, na siku anapozihitaji zote mbili kwa pamoja hapana aliyemwonyesha daraja.

Naomba nichokoze ugomvi mdogo hapa. Sisi walimu wa Kiswahili tumetumia wino mwingi kukataza neno masaa. Twasema saa haina wingi mwingine, ni saa moja, saa tano, basi. Kwa kanuni ni sawa, nami katika makala haya nimeifuata. Lakini tujiulize kwa nini watu, pamoja na adhabu zetu zote, hawaliachi neno hilo. Ukisema "ndege ni saa tano", je, itaondoka saa tano au itachukua saa tano? Msemaji wa kawaida amejitengenezea suluhisho: saa tano ni ile ya kwenye uso wa saa, masaa matano ni muda. Hiyo si lugha mbovu. Ni watu wanaotafuta kuelewana mahali ambapo sarufi rasmi imewaacha na utata. Asiyetaka masaa, na aandike "muda wa saa tano". Lakini asimwache mwanafunzi na "saa tano" tupu halafu ajisifu kwamba amelinda lugha.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni nyepesi: watu wote waitumie saa ya kizungu hata wanapozungumza Kiswahili. Vijana wa mijini wameanza, na utawasikia wakisema "tukutane saa nane" huku wakimaanisha saa mbili. Ushauri huo ungekuwa na maana kama ungeweza kutekelezwa kwa siku moja, kwa watu wote. Kwa kuwa hauwezi, unazidisha hatari, maana sasa msikilizaji hajui msemaji amehama au hajahama. Isitoshe, saa ya Kiswahili ina mantiki yake. Kwetu karibu na Ikweta jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, na kuhesabu kuanzia mapambazuko ni jambo la busara. Hesabu hiyo huacha kuwa na maana tu pale mtu anapotua New York mwezi Januari, saa kumi na mbili na nusu "asubuhi", akakuta giza totoro na taa zinawaka. Hapo ndipo pa kumweleza mwanafunzi kwamba saa ni mapatano ya watu wa mahali fulani, na kila uwanja wa ndege ni mlango wa kuingia katika mapatano mengine.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Sidai kwamba kila kampuni ya ndege duniani iandike kwa Kiswahili kwa ajili hiyo. Nadai jambo dogo zaidi. Mawakala wanaouza tiketi hapa nchini kwa watu wanaozungumza Kiswahili, na wanaojadiliana nao bei kwa Kiswahili, waambatanishe na tiketi karatasi moja ya Kiswahili. Na walimu wa kidato cha pili na cha tatu wawape wanafunzi zoezi la kuiandika karatasi hiyo, kwa kuwa ni insha ya kiuamilifu kuliko nyingi tunazowatungisha. Mfano wa ile ya binti wetu ungekuwa hivi:

"Ndege yako itaruka Nairobi usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 14 Machi, saa saba na dakika arubaini. Fika uwanjani Alhamisi tarehe 13, kabla ya saa tano kasorobo usiku. Ukitoka Mtito Andei kwa basi, ondoka Alhamisi hiyo kabla ya saa kumi na moja jioni. Muda wa angani ni saa nne na nusu. Utatua Riyadh Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi kwa saa za huko, ambazo ni sawa na za Kenya."

Niliyaandika hayo mbele ya mjomba, nyuma ya ile tiketi iliyokwisha kuharibika, kwa kuwa ilikuwa na nusu ukurasa mtupu. Akayasoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Alisema atampelekea binti mwingine wa ukoo wao anayesafiri mwezi Agosti, ila itabidi nimbadilishie tarehe.